Kompresa isiyopumzika: kisa cha upepo uliokuwa ukivuja Mabatini

Shemeji yangu ni seremala. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, Mabatini, hapa Mwanza, kule ambako nyumba zimebanana na mawe kiasi kwamba ukuta wa nyuma wa mtu unaweza kuwa jiwe lenyewe. Jumanne moja mchana alinipigia simu, na salamu zake zilikuwa fupi kuliko kawaida.

"Shemeji, kompresa imechoka. Haipumziki. Fundi anasema ringi za pistoni zimekwisha, na mimi Jumamosi napakia vitanda kumi na viwili kwenye meli ya Nansio."

Vitanda vilikuwa vya mteja wa Ukerewe anayefungua nyumba ya wageni. Vilikuwa vimeshapigwa msasa, vinangoja sila na vanishi. Kitanda cha kwanza alikuwa amekijaribu asubuhi ile, na vanishi ikatoka na vinundu kama ganda la chungwa, kwa sababu presha ilikuwa inashuka katikati ya kupuliza. Fundi alikuwa ameshamtajia bei ya kubadilisha kichwa kizima cha pampu. Shemeji akaanza kupiga hesabu: si afadhali aongeze kidogo anunue kompresa mpya?

Nilimwomba asinunue kitu mpaka nifike. Kazi yangu ni matengenezo ya mitambo katika kiwanda cha minofu ya sangara, na pale upepo wa kompresa unafungua vali na kusukuma mashine za kufungashia kuanzia asubuhi hadi usiku. Nimeona kompresa nyingi zikilaumiwa kwa kosa la mipira na fitingi. Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu najua mafundi wengi wa nyumbani, maseremala, wapaka rangi, wajaza tairi, ambao wako mahali alipokuwa shemeji siku ile: wanasikia mlio wa "ssss", wanakaza, mlio unapungua, wiki inayofuata umerudi, na mwishowe wanaichukia mashine isiyo na hatia.

Nilifika saa kumi na mbili jioni. Kabla sijapiga hodi nilishaisikia: inawaka, inanguruma dakika moja na nusu hivi, inazima. Baada ya dakika nne inawaka tena. Ndani hakuna aliyekuwa anapuliza chochote. Dada alinikaribisha huku akilalamika kwamba umeme wa LUKU wa wiki nzima sasa unamaliza siku nne, na kwamba mama wa nyumba ya juu ana mtoto mchanga anayeshtuka kila mashine inapowaka.

Mashine yenyewe ni ya kawaida, aina ambayo utaikuta katika karakana nyingi za mjini hapa: tanki la lita 50, mota ya nguvu farasi 2, yaani kama kilowati 1.5, imeunganishwa moja kwa moja na pampu. Inazima presha ikifika bar 8 (bar ni kipimo cha presha) na kuwaka tena ikishuka hadi bar 6. Ameiweka nje, kwenye kichochoro kati ya ukuta na jiwe, na mpira wa mita 20 unaingia hadi chumba cha kupulizia. Hapo alifanya vizuri. Swichi ya presha inatoa cheche kila inapowasha mota, na mvuke wa tina, kile kiyeyusho cha vanishi, ukikutana na cheche katika chumba kilichofungwa, hakuna wa kusimulia.

Shemeji alikuwa ameshashika spana malaya mkononi. Nikamwambia, "Iweke chini kwanza, shemeji. Leo tunaanza na saa."

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha kuamua kesi ya ringi za pistoni. Tulifunga koki ya kutokea upepo kwenye kompresa, ili mpira wote utengwe, tukatoa upepo kidogo kwenye tanki hadi mota ikawaka yenyewe kwenye bar 6, na nikashika saa ya simu. Ilifika bar 8 baada ya sekunde 70. Hesabu yake ni nyepesi. Tanki la lita 50 likipanda bar 2, limeingiziwa kama lita 100 za upepo wa kawaida, ule usiobanwa. Lita 100 kwa sekunde 70 ni kama lita 86 kwa dakika.

Shemeji akaonyesha kibandiko ubavuni: lita 206 kwa dakika. "Si unaona? Imebaki chini ya nusu."

Hapa ndipo wengi wanapotea, na fundi wake naye alipotea hapo. Namba ya kwenye kibandiko cha mashine ndogo kama hizi kwa kawaida ni ujazo ambao pistoni inaupitia ikizunguka. Upepo unaofika kwenye tanki ni mwingine. Tanki likiwa limeshakaribia kujaa, upepo unaobaki juu ya pistoni unatanuka tena na kuzuia mwingine kuingia, joto nalo linakula sehemu yake, na kinachofika ni kama nusu ya namba ile. Ongeza na mahali tulipo. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa vilimani tuko juu zaidi. Kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 88 ya ile ya Dar es Salaam au Tanga. Kila mvuto wa pistoni Mwanza unavuta hewa nyepesi zaidi. Kwa hiyo lita 86 kwa mashine ile, mahali hapa, ni pampu nzima. Ringi zilizokufa zingejionyesha kwa namna nyingine pia: mafuta yanapanda na kutoka pamoja na upepo, na moshi wa mafuta unapuliza kwenye tundu la kuwekea oili. Tuliweka karatasi nyeupe mbele ya upepo, ikatoka na maji, haikutoka na mafuta.

Niliona bega la shemeji likishuka. Bei ya kichwa kipya cha pampu ilikuwa imeondoka mezani.

Kipimo cha pili: tanki peke yake linashika? Koki ikiwa bado imefungwa, tulijaza hadi mota ikazima, tukachomoa waya ukutani, na tukangoja dakika kumi bila kuandika chochote. Kungoja huku ni kwa lazima. Upepo uliotoka kwenye pampu ni wa moto, na ukipoa presha inashuka hata kama hakuna tundu popote. Asiyejua hilo atatafuta uvujaji ambao haupo. Baada ya hapo tukaanza kuhesabu: dakika kumi, geji ilishuka kwa bar 0.2. Lita 50 mara 0.2 ni lita 10, gawanya kwa dakika kumi, lita moja kwa dakika. Kidogo. Tuliiandika kwa chaki kwenye jiwe na kuendelea.

Kipimo cha tatu: koki wazi, regyuleta (kidhibiti cha presha) wazi yote kama anavyoiacha siku zote, mpira umeunganishwa hadi kwenye bunduki ya rangi, hakuna anayegusa kifyatulio. Kutoka bar 8 hadi 6, dakika nne kamili. Lita 100 kwa dakika nne ni lita 25 kila dakika.

Mashine inaleta lita 86, na 25 zinapotelea njiani. Zaidi ya robo. Shemeji anapopuliza, bunduki yake inagombania upepo na matundu. Na asipopuliza, mota inafanya kazi kuyalisha matundu hayohayo. Tulikokotoa pamoja na dada: mashine ikiachwa imewaka saa nane, mota inazunguka zaidi ya saa mbili kwa ajili ya uvujaji tu. Kwa mota ya kilowati 1.5, hizo ni unit 3 na zaidi kwa siku. Dada hakusema neno, ila aliichukua ile chaki akaandika "3" kubwa pembeni ya hesabu zetu.

Kwa hiyo kabla ya kukaza nati hata moja tulishajua mambo matatu: pampu ni nzima, tanki linavuja lita moja tu, na lita 24 zinatoka baada ya koki. Eneo la kutafuta lilikuwa limebaki mpira na fitingi zake. Mimi naamini kupima kwa saa kunatangulia masikio, na Mabatini kunatangulia mara mbili, kwa sababu mlio wa upepo unagonga jiwe na kurudi. Tulipokaa kimya kusikiliza, shemeji aliapa kwamba unatoka kwenye regyuleta. Regyuleta ilikuwa nzima kabisa. Jiwe ndilo lililokuwa linamrudishia mlio wa kitu kingine.

Tukakoroga sabuni ya unga kwenye kopo la maji, nzito kidogo, tukachukua brashi kuukuu ya rangi. Mashine imejazwa, waya umechomolewa, na tunapaka fitingi moja baada ya nyingine, taratibu, bila kuifanya sabuni itoe povu yenyewe kabla ya wakati. Uvujaji mkubwa unarusha sabuni ile yote na unaweza kudhani hapajatokea povu. Mdogo unajenga kichuguu cheupe polepole, hivyo kila mahali palihitaji kutazamwa kama nusu dakika.

Kiungo cha kwanza kurusha sabuni kilikuwa cha kichujio cha maji, kile kinachotenga maji na upepo kabla haujafika kwenye bunduki.

Kichujio hiki kina historia. Mdogo wake shemeji anaishi Marekani, na alipokuja likizo alimletea: kizuri, kizito, kikombe chake cha chuma. Shemeji alikipenda kuliko kifaa chochote karakanani. Kilifungwa kwenye elbo ya robo inchi iliyonunuliwa mjini. Aliyemfungia ni fundi bomba, na kwa kuwa kilikuwa kinavuja tangu siku ya kwanza, alikizungushia katani na rangi ya mafuta, kama wanavyofanya kwenye mabomba ya maji ya zamani. Kikaacha kuvuja siku mbili.

Nilitoa upepo wote kwenye mpira kwanza. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona mtu akifungua fitingi yenye bar 7 na ikampita sikioni. Kisha nikaifungua elbo. Ilitoka baada ya mizunguko miwili na nusu tu. Fitingi ya robo inchi iliyofungwa sawasawa inaingia zaidi ya hapo. Tulisafisha katani yote kwa brashi ya waya, na nikazilaza nyuzi za elbo juu ya nyuzi za kipande cha dume kilichokuja na kichujio ndani ya boksi lake. Nikaviinua viwili hivyo mbele ya taa.

"Tazama hapo katikati, shemeji."

Nyuzi mbili za mwanzo zilikaa sawa, meno ndani ya mabonde. Ya tatu ikaanza kupishana. Kufikia ya tano, mwanga ulikuwa unapita.

Sababu yake ni hii. Fitingi nyingi zinazouzwa kwetu ni za kipimo cha Uingereza, BSP. Marekani wanatumia chao, NPT. Kwa robo inchi, BSP ina nyuzi 19 katika kila inchi ya urefu, NPT ina 18. Pembe ya jino la BSP ni digrii 55, ya NPT ni 60. Unene wa nje unakaribiana mno, kwa hiyo dume la kimoja linaingia kwenye jike la kingine, linazunguka mara mbili au tatu, kisha linakuwa gumu. Ule ugumu ndio unaodanganya mkono. Mkono unahisi fitingi imekaza, kumbe nyuzi zimekwamana tu, na kati ya jino na jino kuna njia inayozunguka hadi nje. Tepu au katani vinaiziba njia hiyo kwa muda, presha inapanda na kushuka, mashine inatetemeka, na kizibo kinasogea. Kwa nusu inchi mtego ni mbaya zaidi, kwa maana vipimo vyote viwili vina nyuzi 14 kwa inchi. Vinaingia hadi mwisho kabisa, na bado vinavuja kwa sababu ya pembe. Atakayekaza zaidi kwa hasira atapasua mwili wa kichujio, maana mara nyingi ni wa aluminiamu.

Na katani kwenye upepo isitumike hata kama nyuzi zinalingana. Unyuzi mmoja ukikatika unasafiri na upepo hadi kwenye tundu la bunduki ya rangi.

Tungeweza kumtafuta fundi wa kuchonga vyuma kule Nyakato atutengenezee kiungo chenye BSP upande mmoja na NPT upande wa pili. Lakini kinahitaji zana ya kukata nyuzi za NPT, na vitanda havikuwa na muda huo. Jumatano asubuhi shemeji alishuka mjini akanunua kichujio cha kawaida cha BSP. Kile cha mdogo wake kilipanda rafuni, kimefungwa kwenye kitambaa, kingoje atakapokuja tena na viungo vinavyolingana. Alihuzunika kidogo. Namwelewa, kwa sababu zawadi ya ndugu si kifaa tu.

Nilitoka kazini mapema siku hiyo, na kichujio kipya tulikifunga kwa tepu nyeupe ya mafundi bomba. Ukiitazama fitingi dume kutoka kwenye mdomo wake, tepu inazungushwa kufuata mshale wa saa, ili wakati wa kufunga nati izidi kuibana badala ya kuikunjua. Mizunguko mitatu hadi minne, unaivuta ikiwa imenyooka. Uzi wa kwanza wa mdomoni unaachwa mtupu, tepu isining'inie ndani ya bomba na kukatwa. Na haya yote ni kwa nyuzi zilizochongoka, zile zinazonenepa kadiri zinavyoingia. Fitingi yenye nyuzi zilizonyooka na bega bapa haizibwi kwenye nyuzi. Inazibwa na washa au oringi (pete ya mpira) chini ya bega, na ukiijaza tepu utakuwa umelizuia bega lisikae. Shemeji alikuwa na moja ya namna hiyo kwenye regyuleta, na tuliitoa tepu yote tukaiwekea washa yake.

Tulipima tena. Bar 8 hadi 6: dakika saba na sekunde arobaini. Kutoka lita 25 tulikuwa tumeshuka hadi 13. Kiungo kimoja kilikuwa kinakula karibu nusu ya hasara yote.

Uvujaji wa pili ulikuwa wazi zaidi. Mwisho wa mpira unaoingia kwenye fitingi ulikuwa umefungwa kwa waya juu ya kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Ni ufundi wa haraka unaojulikana, na kwa mpira laini unashika. Lakini huu ulikuwa wa plastiki, na ile mita moja ya mwisho inakaa juani kwenye kichochoro kutwa nzima, juu ya jiwe linalopata moto mchana kiasi cha kuunguza kiganja. Plastiki ilikuwa imekauka ngumu kama mfupa, imeacha kuvibana vifundo vya mkia wa fitingi. Waya unaminya sehemu mbili na kuacha nafasi katikati. Tulikata sentimita 40 zilizokauka hadi tukafika kwenye mpira unaonyumbulika, tukalowesha mkia kwa maji ya sabuni, tukausukuma hadi vifundo vyote vikazama, tukafunga klipu mbili za skrubu, na vichwa vya skrubu tukavielekeza pande tofauti. Muda ukaongezeka hadi dakika kumi na mbili na nusu. Lita 8.

Zikabaki lita 8 ambazo sabuni haikuzionyesha. Nilipaka kila kiungo mara mbili. Hakuna povu. Geji inashuka.

Hapa nilipoteza zaidi ya nusu saa, na nataka aliye na tatizo kama hili asiipoteze. Nilikuwa napaka sabuni mpira ukiwa umelala sakafuni umetulia, lakini tulipokuwa tunapima, shemeji alikuwa ameitundika bunduki kwenye msumari ukutani, na uzito wa mpira ulikuwa unaivuta upande kapla, yaani kiungo cha kuchomeka kati ya mpira na bunduki. Nilipogundua hilo nikaitundika tena kama alivyoitundika yeye, nikapaka sabuni kwenye kapla, na hapo hapo ikaruka. Ukiinyoosha, inanyamaza. Ukiivuta pembeni, inavuja.

Kapla za kuchomeka zinafanana kwa mbali, ila zina koo zake. Zilizoenea kwenye maduka yetu zina herufi zilizogongwa kwenye chuma: S kwa jike, P kwa dume, kisha herufi ya namna linavyofungwa, M kwa nyuzi za nje, F kwa nyuzi za ndani, H kwa mkia wa mpira, halafu namba 20 kwa robo inchi au 30 kwa thumuni tatu. Jike la SM20 linataka dume la ukoo wake, kama PH20 au PF20. Dume lililokuwa kwenye bunduki ya shemeji halikuwa na herufi yoyote. Lilikuja na kifaa cha kujazia tairi, na pua yake ilikuwa nyembamba kidogo kuliko ya PF20. Viduara vya chuma ndani ya jike viliishika, mlio wa "klik" ukasikika, lakini oringi haikuizunguka pua kwa kubana.

Nilipoitoa oringi yenyewe nikakuta tatizo lingine. Ilikuwa imevimba na kulainika. Nikamuuliza shemeji anaoshaje bunduki. Akasema kila jioni anaitumbukiza ndoo ya tina, kapla zote zikiwa juu yake, ilale hadi asubuhi. Tina ya vanishi za namna hii haipatani na mpira wa oringi za kawaida. Ikilowa usiku kucha inavimba, ikikauka inasinyaa na kupasuka. Ndiyo maana alikuwa amebadilisha kapla mara tatu mwaka huu, na kila mara akamlaumu muuzaji. Tulifunga jozi mpya ya ukoo mmoja, na kuanzia siku hiyo kapla zinavuliwa kwanza kabla bunduki haijaingia kwenye tina.

Nikaongeza kitu kimoja ambacho hakikuwa kinavuja, ila kingevuja. Kichujio kilikuwa kimefungwa moja kwa moja kwenye kompresa, kinaning'inia kwenye elbo, na mpira wa mita 20 unaning'inia juu yake. Kompresa inatetemeka, mzigo unacheza, na nyuzi za fitingi zinalegea hata kama zilifungwa vizuri. Tulikihamishia ukutani kwa skrubu mbili, kisha kati yake na kompresa tukaweka kipande laini cha mpira cha sentimita 60. Mtetemo sasa unaishia kwenye kipande hicho.

Shemeji alitaka tuendelee hapohapo, tuvute bomba la plastiki la maji kutoka kichochoroni hadi chumbani kupitia ukutani, aachane na mpira mrefu. Alikuwa nalo tayari, limebaki kwenye ujenzi wa choo. Nilikataa, na nilikataa kwa nguvu kuliko ilivyo desturi kati ya shemeji na shemeji. Bomba lile limetengenezwa kubeba maji. Maji hayabanwi, kwa hiyo bomba la maji likipasuka presha inaisha papo hapo. Upepo uliobanwa unatanuka, na plastiki ngumu ikipasuka nao inaruka vipande vyenye ncha, na vipande hivyo haviangalii kama aliyesimama karibu ni mtoto wa dada yangu. Kama ni bomba la kudumu, liwe la chuma au shaba. Vinginevyo abaki na mpira wa upepo ulioandikwa presha yake ubavuni.

Ile lita moja ya tanki tuliiacha mwisho. Sabuni ilionyesha povu dogo kwenye koki ya chini ya kumwagia maji. Tulitoa upepo, tukaifungua. Yalitoka maji ya rangi ya chai ya rangi, kikombe kizima, na vumbi la kutu. Mji wa ziwani una unyevu mwingi hewani. Kompresa inaubana pamoja na hewa, na upepo ukipoa ndani ya tanki maji yanabaki chini. Chembe ya kutu ilikuwa imekaa kwenye kiti cha koki. Tuliisafisha, na nikalichunguza tanki lote kwa sabuni, hasa kwenye maungio ya chini. Hapakuwa na povu. Lingetokea povu kwenye bati lenyewe au kwenye weldi, kesi ingekuwa nyingine: tanki la namna hiyo halichomelewi, linatupwa, hata kama mota na pampu ni vizima.

Kipimo cha mwisho tulikifanya saa tatu usiku. Kungoja hadi bar 6 kungetukesha, kwa hiyo tulihesabu dakika kumi tu. Geji ilitoka bar 8 hadi 7.6. Lita 2 kwa dakika, kutoka 25. Bado kuna kidogo, nadhani ni kwenye pakio la bunduki, na sikuona sababu ya kuligusa wiki ile.

Alhamisi alfajiri alianza kupuliza. Aliweka regyuleta hadi bunduki ikasoma bar 3 kifyatulio kikiwa kimevutwa, maana presha inayosomwa bunduki ikiwa imefungwa haisemi chochote juu ya inayofika kwenye rangi. Mota ilikuwa inawaka na kuzima kwa mpangilio, ikipata nafasi ya kupoa. Kile kitanda cha majaribio alikipiga msasa upya. Jumamosi vyote kumi na viwili vilipanda meli.

Kabla sijaondoka Jumatano usiku nilichukua rangi nyeupe nikaandika kwenye ubavu wa tanki, kwa herufi za kusomeka kutoka mlangoni: "8 → 7.6, dakika 10", na tarehe chini yake. Nikamwomba shemeji apime hivyohivyo kila Jumatatu kabla ya kazi.

Wiki ya tatu alipiga simu asubuhi. Safari hii salamu zilikuwa ndefu, akauliza watoto, akauliza kazi, ndipo akafika. "Shemeji, leo imeshuka hadi 7.1."

"Umefunga koki ukapima tanki peke yake?"

"Nimefunga. Bado inashuka vilevile."

"Basi mpira wako ni mzima. Inama chini."

Nilisikia akiweka simu kwenye jiwe, kisha maji yakitoka kwa nguvu, kisha kimya. Aliporudi alisema ilikuwa chembe nyingine ya kutu kwenye koki, na kwamba alikuwa amesahau kumwaga maji tangu Ijumaa.